Kikombe cha Buluu

Mashavu alirudi kutoka hospitali akamkuta mumewe, Shaame, akinywa chai kwenye kile kikombe chake cha buluu. Alikuwa amekitenga tangu masika, hataki mtu akiguse, na Mashavu alidhani ni maringo tu.

"Wamesema nini?" Shaame aliuliza, akakohoa kidogo kwenye kiganja.

"Nina kifua kikuu. Daktari anasema mwilini tuna askari. Vijidudu vikiingia mapafuni, askari huvimeza. Lakini vingine havifi, Baba Riziki. Vinakaa humo humo tumboni mwa askari, vinakula, vinazaana, mpaka siku vinampasua." Akavua mtandio. "Halafu akaniuliza nyumbani nani anakohoa. Nikamwapia kuwa hakuna mgonjwa, mume wangu ni vumbi la unga tu la kule mashineni."

Shaame alikitazama kikombe.

"Kumbe ulijua," Mashavu alisema.

"Ndiyo maana nikakitenga, mke wangu. Nilikuwa nawalinda."

"Ugonjwa hauko kwenye kikombe! Uko kwenye pumzi. Na Riziki anayelala katikati yetu, yeye ulimkinga na nini?"

Mashavu akamnyang'anya mumewe kikombe, akainywa chai yote iliyobaki, akakirudisha mbele yake kikiwa kitupu. Kisha akaingia chumbani kufungua dirisha, lile alilokuwa akilifunga kwa mkono wake kila jioni na kuliziba kwa khanga, mumewe asipigwe na baridi.