Kipakiti Namba Nne

"Usiniambie kipi ni kipi," Tekla alisema. "Andika namba tu. Mie namchukia Mwanakombo, na moyo wangu utanidanganya."

Zuena, jirani yake, alimkabidhi vipakiti vinne vya karatasi ya gazeti. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia. Ndani mlikuwa na kila kilichogusa kinywa au ngozi ya Chausiku, bintiye, aliyezikwa kabla hata hajaanza kutembea. Daktari alisema degedege lile lilitokana na sumu ya risasi, metali ileile ya kwenye betri za magari.

Dawa ya mizizi ya Mwanakombo, mke mwenzake Zuena, ilikuwa mojawapo. Temeke nzima ilishasema ndiyo iliyoua. Fakihi, mume wao, alikuwa ameapa mbele ya mjumbe wa nyumba kumi: ikithibitika tu, talaka tatu, kisha polisi.

Na Tekla naye, jamani, ulikuwa msiba wake. Hakujaliwa mtoto. Tangu Tekla arudi kutoka masomoni Bombay, Chausiku alikuwa akisinzia mgongoni kwake zaidi kuliko mgongoni kwa mama yake. Sasa mgongo ulikuwa mtupu na aliona baridi, kwenye joto lote lile la Dar.

Maabara alikofanya kazi, mwenzake Gozbert alisaga kilichomo katika kila kipakiti pamoja na unga wa kaboni mpaka vyote vikawa vyeusi sawasawa. Ndivyo walivyofanya siku zote. Tekla akatia unga wa kwanza kwenye ncha ya kijiti cha kaboni, akawasha umeme.

Moto uliowaka hapo, hata mhunzi angekimbia. Katika moto huo chembe hupandwa na wazimu. Elektroni zake husukumwa juu, mahali zisipoweza kukaa, zikaanguka tena. Na kila ikianguka hutoa mwanga. Kila metali ina mwanga wake, haiazimi wa jirani. Mwanga ule ukapita kwenye mche wa kioo unaotenganisha rangi, ukajichora mistari kwenye bamba la picha.

Namba moja, risasi haimo. Namba mbili, haimo. Namba tatu, haimo, na Tekla akasonya, maana alitaka iwemo.

Namba nne, mistari ya risasi ilisimama myeusi tii. Akailinganisha na ile ya risasi halisi mara mbili. Ilikuwa yenyewe.

Alifika Temeke bila hata kuvua koti la maabara.

"Tumempata muuaji!" alimwambia Zuena, huku akilia. "Ni namba nne. Ile dawa yake, sivyo?"

"Dawa niliiandika namba mbili."

"Basi nne ni nini?"

"Wanja."

"Ndo huohuo! Kampaka yeye, mwanahizaya yule! Twende kwa mjumbe sasa hivi."

Zuena hakuinuka mkekani. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaufuta kwenye kanga, akaufuta tena.

"Mwanakombo hajawahi kumpaka mwanangu wanja," alisema. "Nilimpaka mie, kila nikishamwogesha. Si ule uliotuletea wewe kutoka Bombay, shoga?"