Majibu ya Sikudhani

Kwa mara ya tatu mwaka ule, Sikudhani alikuwa amelazwa hospitali, tumbo la chini likimuuma na dripu mkononi. Wiki mbili nyuma alikuwa amemfukuza mumewe, Shomvi, akiamini kwamba anamletea maradhi kutoka kwa wanawake wa nje.

Daktari, mama mtu mzima, aliingia na karatasi ya majibu.

"Mwanangu, ugonjwa wa zinaa hatujauona. Tumeona vijidudu vinavyoishi mdomoni, hasa kwenye fizi mbovu. Wakati mwingine hufika huku chini, kwa damu au kwa mdomo wa mwenzako, vikaleta maambukizi." Akapunguza sauti. "Mumeo fizi zake zikoje?"

Sikudhani aliona haya. "Zinatoka damu kila akipiga mswaki." Kisha akaongeza, macho ukutani, "Na zangu pia."

"Basi mtatibiwa wote wawili."

Daktari alipotoka, Sikudhani alijigeuza huku na huku. Mara mbili alishika simu akaiweka. Mara ya tatu akapiga.

Shomvi alifika saa kumi jioni, nywele zimejaa vumbi la saruji. Alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa amesimama.

"Mama yangu aliyaamini maneno yako, hanisemeshi wiki mbili sasa," alisema. "Nani atamwambia?"

"Nitamwambia mwenyewe. Nisamehe, baba Rehani."

Shomvi alivuta kiti, akakiweka katikati, baina ya kitanda na mlango, akakaa.