Chupa Isiyo na Wanga

Adija alimwaga uji wa muhogo kwenye sinki la maabara, sufuria nzima, akafungulia bomba mpaka ukaisha. Leo chupa ya kuonyeshwa wageni ingekwenda bila wanga.

Kwa miaka mitatu alinunua muhogo soko la Jabe, akachuja wanga, akaupika, kisha kwa wanga huo akauvisha unga wa chuma wa kusafishia maji, mweusi na laini kuliko vumbi. Bila wanga chembe zile hushikana na kuzama. Zikivishwa, hutawanyika majini na kukaa humo wiki nzima. Njia hiyo aliigundua yeye. Kwenye ripoti likatokea jina moja tu, la mkuu wake, Docteur Térence. Alipomuuliza, aliambiwa mafundi wa maabara hawaandikwi. Siku hiyo alirudi kwao Buyenzi akilia njia nzima.

Sasa machozi yalikwisha. Alitaka mtu huyu aumbuke mbele za watu, na alitaka kuona kwa macho yake.

Saa nne akafika Spéciose, mhandisi wa mradi wa maji, na wenzake wawili. Akiridhika, Térence angejengewa maabara mpya.

“Adija, we kaa kule nyuma,” Térence alisema. “Mi ndiyo nitaeleza.”

“Ndiyo, Docteur.”

Térence alitikisa chupa, akaimimina kwenye glasi ya maji machafu, huku akisifu jinsi unga wake usivyozama. Unga ukazama. Ulilala chini kama masizi, na Docteur akabaki mdomo wazi, jasho likimtoka. Adija alijiuma midomo asicheke. Hakuwahi kuona raha kama ile.

Spéciose aliinama, akapitisha sumaku ubavuni mwa glasi. Unga wote ukaifuata mara moja, na uchafu pamoja nao. Maji yakabaki meupe.

Spéciose aliinua glasi, akaitazama. Kisha akasema kwamba ile ripoti ilikuwa imemkatisha tamaa, maana unga uliovishwa wanga uligoma kutoka majini hata kwa sumaku, na maji meusi nani angeyanywa? Huu ndio walioutafuta. Maabara watajenga.

“Huu hauna wanga,” alisema. “Nani aliwaza kuutoa?”

Adija akaanza kusimama.

“Ni mi, madame,” Térence akajibu, bila hata kugeuka nyuma.