Chai ya Shemeji

Mwanamume wa meza ya pembeni alikuwa ameshavuka kizingiti, kofia kichwani, alipogeuka.

"Chai yako nimeiacha mezani, shemeji."

Mhudumu akageuka, kitambaa mkononi. Tangu aanze kula hapo, peke yake, mgongo ukutani, mtu yule hakuwahi kumwachia hata senti ya chai. Wanaokuja kundi hutegeana, kila mmoja akidhani mwenzake atatoa. Anayekula peke yake hana wa kumtegea. Huyu kila mara alikusanya chenji yake yote, akatia mfukoni, akaenda zake. "Anaweka akiba ya harusi," mdogo wake mhudumu, bibi harusi mwenyewe, alimtetea kutoka jikoni, povu la sabuni hadi viwikoni.

Harusi ni Jumamosi. Wake wawili bwana huyo ameshazika, wote wangali mabinti, wote ghafla. Dada alisema mpaka koo likamkauka. Mdogo mtu akamjibu, "Wivu tu huo, dada. Tafuta wako."

Basi leo dada hakusema. Dawa ya panya ilikuwa rafu ya chini, na shemeji alipenda chai ya sukari nyingi.

Kumtazama akinywa hakuweza. Alimpa mgongo, akapangusa kaunta palepale, palepale, hadi aliposikia kiti kikisukumwa.

Sasa akatupa jicho mezani. Kikombe kimefunikwa kwa kisahani. Noti itakuwa humo. Siku ya mwisho ndipo mkono umefunguka, aliwaza. Pesa ya marehemu hakuwa tayari kuigusa.

Akasogea dirishani. Kofia ilikuwa ikishuka na barabara, bila haraka.

"Nimemsikia," mdogo wake alisema, akitoka jikoni anajifuta mikono, meno yote nje. "Si ulimwita bahili? Kakuachia chai."

"Chukua wewe."

Kisahani kiligonga meza. "Yote?"

"Yote. Mimi siitaki."

Alibaki pale kiooni, akingoja kofia iyumbe. Haikuyumba. Ilikata kona.

"Tamu," mdogo wake alisema nyuma yake. "Na bado ya moto."

Mkahawa sasa ni duka la viatu. Dada alifungwa maisha. Mdogo wake alizikwa Jumamosi ileile. Shemeji siku hizi anakula ng'ambo ya barabara, peke yake, na inasemekana ana mchumba.