Saini ya Kiti Kitupu

Tangu alfajiri Bi Kokugonza alikuwa hatulii. Halmashauri ilikuwa inatafuta mjumbe huru wa kamati ya ukaguzi na vihatarishi, mtu wa nje asiyemwogopa mkubwa, na kati ya waombaji wote alikuwa amebaki yeye tu.

"Karibu mama, anza na mahudhurio," mwenyekiti wa usaili alisema, akimsogezea daftari.

Alishika kalamu, akasita. Wasaili watano walikuwa wameshasaini. Mezani walikaa wanne, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.

Kazi hii alikuwa anaitaka mno!

"Samahani, mwenyekiti. Bwana Kahigi aliyesaini hapa ameketi wapi?"

Katibu wa kikao akacheka kidogo. "Yuko njiani, mama. Huwa tunasainiana tu."

"Akifika atasaini mwenyewe." Pembeni ya saini ile akaandika kwa herufi kubwa: HAYUPO.

Mwenyekiti akainuka, akazunguka meza taratibu, akakishika kile kiti kitupu na kuanza kukivuta kuelekea kwa Bi Kokugonza, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. "Keti nasi, mama," akasema. Bi Kokugonza alishangaa kujikuta anatabasamu.