Yai la Kamera

“Geukia mwanga, mwanangu,” mama alisema, akiiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yameshaanza, na akina mama waliokuwa wakitazama walimwita Daktari wa Lishe, ingawa hakuwahi kutibu hata mafua.

Binti aliliangalia yai la kuchemsha lililokatwa nusu. Jana alilibonyeza makusudi kwa ukucha. Alama ilikuwa palepale, chini ya mafuta ya kula ambayo mama hulipaka kila asubuhi ling’ae. Kamera ikizimwa, yai hurudi kwenye friji, na binti huenda shule na chai kavu tumboni.

“Mtoto asiyekula asubuhi anakwenda kusindikiza wenzake tu,” mama aliiambia simu kwa sauti ya asali. “Wangu hatoki hapa bila yai. Haya, kula, mama.”

Kiini kilikuwa na ukingo wa kijani, kikavu kama chaki.

Binti alitabasamu vizuri, kama alivyofundishwa. Akalichoma yai kwa uma, akalipeleka taratibu mpaka kwenye midomo ya mama yake.

“Mkubwa hutangulia, mama.”

Kwenye kioo cha simu, mioyo myekundu ilimiminika. Mama akafumbua kinywa.