Bendera ya Juu na ya Chini

Bendera mbili zilikuwa zikipepea kwenye manowari ya mkuu wa Waingereza. Ya juu iliziamuru manowari zake zote zibaki kwenye mstari wa vita. Ya chini iliziamuru ziwavamie Wahispania.

Jago, mpiga mzinga, alikuwa ameshika utambi wa kuwashia mzinga, wa tatu tangu asubuhi, na moto ulishakaribia kidole gumba. Mzinga wenyewe ulikuwa haujapigwa hata mara moja. Kule mbele, manowari aliyokuwamo kaka yake ilikuwa imechomoka mstarini peke yake, na manowari tatu za Wahispania zilikuwa zimeitwanga mpaka mlingoti ukaanguka.

"Bwana nahodha, tusogee! Wanamalizwa wale!"

"Huioni bendera ya juu? Ukivunja mstari unanyongwa."

"Na ya chini je?"

"Nitaitii ya chini, ya juu ikishushwa."

"Kumbe tumekuja kutazama ngoma!"

"Funga domo, Jago."

Alasiri bendera ya juu ikashushwa.

"Piga!" nahodha akafoka, kama mtu aliyekurupuka usingizini. "Piga, wanakimbia!"

Jago akainama, akachungulia juu ya mzinga. Wahispania walikuwa wakienda zao, matanga yamejaa upepo. Kati yao na mdomo wa mzinga wake ilielea ile manowari ya kaka yake, isiyo na mlingoti, ubavu wazi, na watu waliokuwa juu yake wakipunga mashati.

"Umeziba masikio? Bendera imeshushwa!"

"Nimeona, bwana," Jago akasema, akautumbukiza utambi kwenye ndoo ya maji.